Kizito Chini, Chepesi Juu

Watoto, kila siku mnatembea juu ya dunia, lakini nani kati yenu ameona ndani yake? Aliyechimba kisima ameona udongo na mawe. Aliyeingia katika machimbo ya Katanga ameona mawe ya kijani yenye shaba. Lakini hao wote wamekwaruza ngozi tu. Huko Urusi, katika rasi ya Kola, watu walianza kutoboa shimo jembamba mwaka 1970, kwa mitambo yenye nguvu. Mwaka 1989 walifika kilometri 12 na kidogo. Huko chini mawe yalikuwa ya moto sana, hawakuweza kuendelea. Na toka hapa tunaposimama mpaka katikati ya dunia ni kilometri 6371!

Basi, tumejuaje mambo yaliyo chini kabisa? Sheria moja ndogo imetusaidia, nayo mama zenu huitumia jikoni kila siku. Sheria yenyewe ni hii: kizito hushuka chini, chepesi hupanda juu. Katika somo hili tutaifuata sheria hiyo toka chupa ya mafuta mpaka kiini cha dunia. Halafu tutarudi kwetu, kando ya Ziwa Kivu, mahali ambapo kuijua sheria hiyo kwaweza kuokoa maisha ya mtu.

1. Chupa yatufundisha

Twaeni chupa inayoonyesha vitu vya ndani. Tieni konzi moja ya mchanga, maji mpaka nusu, na mafuta ya mawese kidogo. Kama mafuta yameganda kwa baridi, yawekeni kwanza juani. Tieni pia msumari mdogo na kipande cha kijiti kikavu. Fungeni chupa vizuri, kisha itikiseni kwa nguvu.

Mnaona nini? Vitu vyote vimechanganyika, wala hamwezi kuvitambua vizuri. Sasa wekeni chupa mezani, msiiguse. Ngojeni kidogo.

Tazameni tena. Mchanga na msumari vimelala chini. Maji yako juu ya mchanga. Mafuta mekundu yako juu ya maji. Na kijiti kinaelea juu ya yote. Nani amevipanga? Hakuna mkono uliovigusa. Kila kitu kimetafuta mahali pake chenyewe, kwa sababu ya uzito wake.

Mama anapoosha maharagwe hufanya vilevile. Maharagwe mazuri hukaa chini ya maji. Yale yaliyotobolewa na wadudu huelea, naye huyaondoa kwa mkono. Watu wanaotafuta dhahabu mitoni, kule Ituri na Kivu, nao hufuata sheria hiyohiyo. Hutia mchanga na maji katika karai, hulizungusha polepole, na maji hutoka na mchanga ulio mwepesi. Chembe za dhahabu hubaki chini, kwa kuwa ni nzito kupita mchanga.

2. Kupima kwa kipimo kilicho sawa

Labda mtoto mmoja atauliza: «Mwalimu, gogo la mti ni zito kuliko msumari. Mbona gogo linaelea mtoni, na msumari unazama?»

Ulizo hilo ni zuri. Tukitaka kulinganisha vitu viwili, lazima tuvipime kwa kipimo kilicho sawa. Si haki kulinganisha gogo kubwa na msumari mdogo. Tutwae basi kipimo cha litri moja, tukijaze mara kwa mara vitu mbalimbali, bila kuacha nafasi hata kidogo ndani yake. Tutaona hivi:

Litri moja ya mafuta ya mawese ina uzito wa gramu 900 hivi.
Litri moja ya maji ina kilo 1.
Jiwe gumu la kawaida lenye ukubwa wa litri moja lina kilo 2 na gramu 700 hivi.
Chuma chenye ukubwa huo kina karibu kilo 8.
Shaba ina karibu kilo 9.
Dhahabu ina kilo 19 na zaidi.

Uzito wa kitu kwa kipimo kilicho sawa, watu wa elimu huuita densiti. Mti mkavu una densiti ndogo kuliko maji, kwa hiyo gogo linaelea hata likiwa kubwa kama nyumba. Chuma kina densiti kubwa kuliko maji, kwa hiyo msumari unazama hata ukiwa mdogo kama sindano. Kumbe si ukubwa wa kitu unaoamua, wala si uzito wake wote. Ni densiti yake.

3. Mtu aliyepima dunia

Zamani watu walijiuliza: ndani ya dunia kuna nini? Wengine walidhani ni tupu. Wengine walidhani ni mawe matupu toka juu mpaka katikati, kama mawe ya milimani.

Mwaka 1798 Mwingereza mmoja, Henry Cavendish, alitangaza jibu. Alikuwa amefanya kazi ya uvumilivu mwingi. Alitundika kijiti kirefu kwa waya mwembamba, akaweka mpira mdogo wa risasi katika kila ncha yake. Kisha akasogeza karibu yake mipira mingine miwili ya risasi, mizito sana, kila mmoja wa kilo zaidi ya 150. Mipira mikubwa ikavuta midogo kidogo sana, kwa maana vitu vyote huvutana. Kijiti kikageuka kidogo tu. Cavendish hakuingia katika chumba kile. Aliogopa joto la mwili wake lisije likatikisa hewa na kuharibu kazi. Alisimama nje, akatazama kwa darubini kupitia tundu la ukuta.

Kwa kulinganisha mvuto wa risasi ile na mvuto wa dunia, alipata densiti ya dunia nzima. Jibu lilikuwa hili: dunia ni nzito karibu mara tano na nusu kupita maji. Hata leo, kwa vyombo bora kuliko vyake, tunapata karibu hesabu ileile.

Sasa fikirini vizuri. Litri moja ya mawe ya juu ina kilo 2 na gramu 700. Litri moja ya dunia, tukichanganya yote, ina kilo 5 na nusu. Kama mawe ya juu ni mepesi kuliko kadiri ya dunia nzima, maana yake ni nini? Maana yake ndani kuna kitu kizito kupita mawe, kizito sana. Cavendish hakutoka nyumbani mwake, wala hakuchimba shimo. Alitumia mizani na akili, akajua kwamba dunia imeficha uzito wake chini.

4. Mlima mweusi wa Lubumbashi

Kizito hicho kilishukaje? Twendeni kwanza Lubumbashi tukaone mfano.

Mtu akifika Lubumbashi, huona bomba refu la moshi, na kando yake mlima mweusi. Mlima ule haukuumbwa pamoja na milima mingine. Umetoka katika tanuru za shaba, ambazo zilianza kazi mwaka 1911. Mawe yenye shaba yalitiwa ndani ya tanuru pamoja na makaa, yakayeyuka kwa moto mkali mpaka yakawa kama uji. Hapo sheria yetu ikafanya kazi. Shaba, kwa kuwa ni nzito, ikashuka chini ya tanuru. Mawe yaliyoyeyuka, kwa kuwa ni mepesi, yakaelea juu. Wafanyakazi wakayaondoa na kuyamwaga nje, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Takataka hizo huitwa mavi ya madini, na ndizo zilizofanya mlima mweusi.

Basi, dunia yetu nayo ilipita katika tanuru. Dunia ina umri wa miaka milioni 4500 na zaidi. Hapo mwanzo ilikusanyika toka mawe na vumbi vilivyozunguka jua. Mawe makubwa yaligongana kwa nguvu nyingi, na mgongano huleta joto, kama mnavyoona mkigonga jiwe kwa nyundo na cheche zikaruka. Joto likazidi mpaka sehemu kubwa ya dunia ikayeyuka. Kilichoyeyuka hakizuiliki tena. Chuma kikashuka chini, matone kwa matone, mpaka katikati. Mawe yakabaki juu yake. Yaliyo mepesi kuliko yote yakapanda mpaka juu kabisa na kupoa, yakawa ngozi ya dunia.

Mungu hakupanga dunia kama mtu anavyopanga vyungu rafuni, kimoja kimoja kwa mkono. Aliweka sheria, na vitu vyote vinaitii, katika chupa na katika dunia.

5. Matabaka ya dunia

Kateni avoka katikati. Mtaona ngozi nyembamba, kisha nyama, kisha kokwa kubwa. Dunia nayo ina sehemu tatu namna hiyo.

Ya kwanza ni ganda. Hilo ndilo tunalolima na kujenga juu yake. Chini ya nchi kavu lina unene wa kilometri 30 mpaka 50 mahali pengi. Chini ya bahari ni jembamba zaidi, kilometri 7 hivi. Litri moja ya ganda la nchi kavu ina kilo 2 na gramu 700, na ya ganda la bahari ina kilo 3. Kwa hiyo nchi kavu, iliyo nyepesi na nene, imesimama juu kama mtumbwi usio na mzigo. Ganda la bahari, lililo zito, limekaa chini, na maji yamejaa hapo. Mtu akikuulizeni kwa nini kuna mabara na bahari, hiyo ndiyo sababu kubwa.

Ya pili ni joho. Limeifunika sehemu ya katikati kama joho linavyofunika mwili. Linashuka mpaka kilometri 2890. Ni la mawe mazito zaidi, yenye kilo 3 na gramu 300 kwa litri huko juu, mpaka kilo 5 na nusu huko chini. Ni la moto sana, lakini halikuyeyuka kama maji. Ni gumu, walakini linakwenda polepole mno, sentimetri chache tu kwa mwaka.

Ya tatu ni kiini. Hicho ni cha chuma, pamoja na madini mengine kidogo yaitwayo nikeli. Sehemu yake ya nje imeyeyuka, na litri moja ina kilo 10 mpaka 12. Sehemu ya ndani ni ngumu, na litri moja ina kilo 13 hivi. Mtasema: «Lakini tumesoma kwamba chuma kina karibu kilo 8 tu!» Ni kweli. Lakini chuma cha kiini kimebanwa na uzito wa dunia yote iliyo juu yake, mpaka kimesongamana kuliko chuma cha panga au jembe. Chuma kile kilichoyeyuka huzunguka daima, nacho ndicho kinachofanya sindano ya dira ielekee kaskazini.

Tumejuaje hayo, na hakuna aliyefika? Matetemeko ya nchi yametuambia. Tetemeko likitokea mahali, mawimbi yake hupita ndani ya dunia na kutokea upande mwingine, na vyombo vya wataalamu huyaandika. Daktari hugonga kifua cha mgonjwa na kusikiliza. Wataalamu nao wanaisikiliza dunia. Mawimbi mengine hupita katika vitu vigumu tu, hayawezi kupita katika kitu kilichoyeyuka. Mwaka 1906 Richard Oldham alionyesha kwa mawimbi hayo kwamba dunia ina kiini. Mwaka 1936 mwanamke mmoja wa Denmark, Inge Lehmann, alisoma maandiko ya tetemeko la New Zealand la mwaka 1929. Akaona mawimbi yamefika mahali ambapo watu hawakuyatazamia. Hakuyatupa kama makosa. Alifanya hesabu, akagundua kwamba ndani ya kiini kilichoyeyuka kuna kiini kingine kigumu. Wasichana, msisahau jina lake.

Basi, tazameni mpango wote: hewa iko juu ya maji, maji juu ya mawe, mawe juu ya chuma. Ni chupa yetu ileile, lakini ni kubwa kama dunia.

6. Mbona shaba na dhahabu ziko juu?

Mtoto mwerevu atauliza tena: «Kama kizito hushuka, mbona tunachimba shaba Katanga na dhahabu Ituri? Mbona hazikushuka zote?»

Kweli, nyingi zilishuka. Dhahabu iliyo nyingi kuliko yote ya dunia iko katika kiini pamoja na chuma, wala hakuna mtu atakayeichimba. Tunayoipata sisi ni masalio tu. Ndiyo maana dhahabu ni adimu, na bei yake ni kubwa.

Masalio hayo yamekusanyika kwa njia ya maji. Tieni sukari katika chai. Sukari ni nzito kuliko maji, nayo huzama kwanza. Lakini ikiisha kuyeyuka, huenea katika kikombe chote. Hivyo ndivyo maji ya moto yenye chumvi yalivyopita katika nyufa za ganda la dunia miaka milioni nyingi iliyopita. Yaliyeyusha shaba kidogo huku, shaba kidogo kule, yakaibeba, yakaiacha katika matabaka ya mawe ya Katanga. Sheria yetu haikuvunjika. Maji yamekuwa kama mpagazi aliyepandisha mzigo mzito mlimani.

7. Moto wa Nyiragongo

Sasa turudi Kivu. Karibu na mji wa Goma kuna mlima wa moto, Nyiragongo. Uji wa mawe unatoka wapi, na kwa nini unapanda, badala ya kushuka?

Mawe yakiyeyuka hutanuka kidogo. Kwa hiyo litri moja ya uji wa mawe ni nyepesi kuliko litri moja ya mawe magumu yanayouzunguka. Tena una gesi ndani yake, na gesi huongeza wepesi. Basi uji unapanda katika nyufa kama mafuta yanavyopanda katika maji. Mwaka 1977 mlima ulipasuka ubavuni, na uji wake, ulio mwepesi kutiririka, uliwashika watu wengi njiani. Tarehe 17 Januari 2002 uji uliingia katikati ya Goma, ukateketeza nyumba nyingi, ukafika mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukasimama ukingoni mwa mji.

8. Matabaka ya Ziwa Kivu

Mwaka 2002, uji ulipoingia katika maji, watu wenye elimu walikuwa na hofu nyingine. Waliogopa ziwa lenyewe. Kwa nini?

Ukitazama Ziwa Kivu, unaona maji mamoja. Lakini ndani yake lina matabaka, kama dunia. Kina chake ni metri 485. Maji ya juu ni matamu, na upepo wa kiangazi huyachanganya. Maji ya chini yametoka katika chemchemi zilizo ndani ya ardhi ya volkeno. Yana joto kidogo kupita ya juu. Kwa kawaida maji yenye joto hupanda, lakini haya hayapandi, kwa kuwa yana chumvi nyingi na gesi ya kaboniki iliyoyeyuka ndani yake, navyo vinayafanya kuwa mazito. Basi yamelala chini kwa miaka mingi sana, hayachanganyiki na ya juu.

Gesi ya kaboniki ndiyo ile inayotoa mapovu katika chupa ya limonadi. Chupa ikiwa imefungwa, hatuoni mapovu. Mkiifungua, yanaruka. Katika ziwa, kifuniko ni uzito wa maji ya juu. Pamoja na gesi hiyo iko pia metani, ambayo huwaka. Mwaka 2016, upande wa Rwanda, ulizinduliwa mtambo mkubwa unaotoa metani ziwani na kufanya umeme. Hivyo kitu cha hatari kimegeuzwa kuwa taa ya nyumbani.

Lakini kuna ziwa lingine lililofunguka lenyewe. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, katika nchi ya Kameruni, Ziwa Nyos lilitapika gesi ya kaboniki. Gesi hiyo ni nzito mara moja na nusu kupita hewa. Haikupaa mbinguni kama moshi. Ilishuka mabondeni kama maji ya mafuriko, bila rangi, ikawafunika watu waliolala. Watu zaidi ya 1700 walikufa, na ng'ombe maelfu. Wengi waliokuwa juu ya vilima walipona. Baadaye mafundi waliweka bomba katika ziwa lile, gesi ikatolewa polepole.

Mwaka 2002 Ziwa Kivu halikupinduka. Uji wa Nyiragongo haukufika katika maji yenye gesi nyingi, na matabaka yakabaki mahali pao. Wataalamu wanaendelea kulipima ziwa na kuuchunguza mlima. Msiogope kila siku, lakini watu wa serikali na wa elimu wakitoa tangazo, lisikilizeni.

9. Mazuku

Kuna hatari nyingine iliyo ndogo kuliko hiyo, lakini iliyo karibu zaidi. Karibu na Goma na Sake, na kando ya ziwa upande wa kaskazini, gesi ya kaboniki inatoka katika nyufa za ardhi. Kwa kuwa ni nzito kupita hewa, hujikusanya katika mashimo na mabonde madogo, kama maji katika bakuli. Mahali hapo watu wa Kivu hupaita mazuku.

Gesi hiyo haionekani. Mchana, upepo huipeperusha. Usiku na asubuhi mapema, hewa ikitulia, hujaa. Mbuzi akishuka kula majani, huanguka. Mtu mzima aweza kusimama hapo asidhurike, kwa kuwa kichwa chake kiko juu ya gesi. Lakini mtoto aliye kando yake, aliye mfupi, anavuta gesi na kuanguka. Na mtu akiinama au akilala, anazama humo kama katika maji. Mtu asiyejua jambo hili aweza kudhani ni uchawi, hata akamsingizia jirani asiye na kosa. Si uchawi. Ni sheria ya chupa yetu: kizito chini, chepesi juu.

Shikeni basi maonyo haya:

Msishuke katika mashimo na mabonde ya mahali hapo usiku wala asubuhi mapema.
Mkiona ndege, panya au wadudu wengi waliokufa shimoni, rudini nyuma, mwaambie wakubwa.
Msilale chini mahali pa bonde, hata mkichoka.
Mbuzi wenu akianguka shimoni, mwacheni. Mbuzi hununuliwa tena, mtoto hanunuliwi.
Mwenzenu akianguka, msimfuate shimoni. Wengi wamekufa kwa kumfuata ndugu yao. Pigeni kelele, mwite watu wazima. Ninyi kaeni mahali pa juu.

10. Mwisho wa somo

Tumeanza na konzi ya mchanga katika chupa, tukafika katikati ya dunia. Tumeona kwamba chuma cha kiini, mawe ya joho, nchi tunayolima, maji ya ziwa na hewa tunayovuta, vyote vina mahali pake kwa uzito wake. Sheria hiyo haina huruma wala hasira. Imefanya nchi kavu isimame juu ya bahari, tupate mahali pa kuishi. Sheria hiyohiyo huweka gesi ya mauti shimoni. Mungu ametupa akili ili tuijue. Anayeijua na asiwaambie wadogo zake, ameficha taa chini ya kikapu. Leo jioni mkifika nyumbani, fanyeni kazi ya chupa mbele yao, kisha waelezeni habari ya mazuku.

Maulizo

1. Katika chupa, kwa nini mafuta yako juu ya maji?
2. Gogo kubwa linaelea na msumari mdogo unazama. Elezeni sababu.
3. Cavendish alijuaje kwamba ndani ya dunia kuna kitu kizito kupita mawe?
4. Mlima mweusi wa Lubumbashi umetoka wapi? Unafanana na sehemu gani ya dunia?
5. Tajeni sehemu tatu za dunia toka juu mpaka chini.
6. Kwa nini maji ya chini ya Ziwa Kivu hayapandi, ingawa yana joto?
7. Katika mazuku, kwa nini mtoto anaanguka mbele ya mtu mzima?
8. Mwenzako ameanguka shimoni asubuhi mapema. Utafanya nini? Hutafanya nini?

Kazi ya mkono: Choreni dunia iliyokatwa katikati kama avoka. Andikeni jina la kila sehemu, na uzito wa litri yake moja.